Dohani ya Meko Mawili

Yule mshonaji alimsimulia shangazi yangu kisa hiki huku akimpima mabega, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo yapo maneno ambayo shangazi alilazimika kuyakisia. Nami nakipokeza kama nilivyokipokea. Kipande cha mwisho tu ndicho nilichokipata kwa mtu mwingine.

Nyumba yao ilikuwa moja, ikafanywa mbili. Baba yao aliijenga juu mlimani, kwenye baridi ya kung'ata masikio, akaweka ndani meko mawili yaliyopeana mgongo, ya sebuleni na ya chumba cha kulia. Dohani ilikuwa moja. Ndani yake zilipanda njia mbili za moshi, bega kwa bega, zimetenganishwa na ukuta mwembamba wa tofali moja. Wazazi walipokwisha kufariki, mabinti wawili waligawana: mkubwa, huyu mshonaji, akachukua upande wa sebule pamoja na cherehani yake; mdogo, aliyezoeleka kwa jina la Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba, akarudi na mumewe na mtoto wao wa miezi mitano, wakakaa upande wa pili. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo.

Watu waliwasifu kwa kugawana bila ugomvi. Hawakujua kilichokuwa kikichemka chini ya kifuniko.

Mama yao aliugua miaka sita. Miaka miwili ya mwisho alipoteza kauli kabisa, akawa wa kugeuzwa, wa kuoshwa, wa kulishwa uji kwa kijiko. Alipotaka maji aligonga ukingo wa kitanda mara mbili kwa pete yake. Alipotaka kugeuzwa aligonga mara moja. Lugha hiyo waliielewa watu wawili tu duniani, yeye na binti yake mkubwa. Kitinda alikuja sikukuu kwa sikukuu, na pakiti ya biskuti na kicheko chake, akakaa ukingoni mwa kitanda robo saa, na uso wa mama ukawaka kama taa iliyotiwa mafuta. Akiondoka, taa inazimika. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Katika nyumba ile asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake, na aliyekuwepo alibaki kufua mashuka.

Mshonaji hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Alilimeza. Lakini kitu ukikimeza kila siku kwa miaka sita, hakiendi tumboni, kinakaa kooni.

Basi ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, siku kama siku nyingine. Mshonaji alikuwa akipinda pindo za sare za shule. Nje manyunyu. Alisimamisha cherehani ili abadilishe uzi, na katika ule utulivu akasikia kikohozi. Kilitoka kwenye meko yake, kwa juu, ndani ya dohani. Kikohozi kizito chenye mkwaruzo mwishoni, cha mtu anayesafisha koo ili aseme. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, kwa upole sana, "Kitinda, sogea karibu na moto, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama yao, aliyezikwa miezi minane nyuma.

Alijiambia ni upepo. Upepo ukakohoa tena, kisha ukaanza kumbembeleza mtoto.

Akajifunga khanga, akazunguka nyumba, akaingia kwa mdogo wake bila kubisha. Kitinda alikuwa amekaa peke yake mbele ya makaa mekundu, akinyonyesha. Alitumia makaa badala ya kuni, alisema moshi wa kuni unamuumiza mtoto macho. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri. Dada yake alimuuliza alikuwa akiongea na nani. Alijibu kwamba alikuwa akiongea na mtoto. Alipotoka, mshonaji aligeuka na kutazama kupitia dirishani. Mbele ya meko palikuwa na vigoda viwili, na kile kitupu kilikuwa kimesogezwa karibu zaidi na moto.

Kuanzia siku ile, kazi zikawa hazimalizwi. Wateja walikuja kuchukua nguo wakakuta vitambaa vimelala vilevile. Kila Kitinda alipowasha makaa, mshonaji alipiga magoti mbele ya meko yake yaliyopoa, akaingiza kichwa mpaka nywele zikashika masizi, akasikiliza. Sauti ilimwimbia Kitinda. Ilimsifia uzazi wake. Ilimsimulia alivyokuwa mtukutu utotoni, na Kitinda alicheka. Upande wa huku mtu alikuwa amepiga magoti kwenye jivu, machozi yakichora mistari myeupe usoni.

Siku moja alijikaza akanong'ona, "Mama. Na mimi nipo."

Sauti ikanyamaza. Alihesabu pumzi zake kumi. Kisha upande wa pili kicheko kikaendelea pale kilipoishia.

Hapo hofu ilimtoka. Mtu mwingine angeita waombaji au angehama. Yeye wivu ulimkaba mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Miaka sita ya kumgeuza na kumfuta, na aliporudi kutoka kaburini akaenda kwa yule wa biskuti!

Wiki ya tatu alikuja Masizi. Huyu alikuwa fundi wa kufagia dohani, na jina lake la kweli nadhani hata mkewe alikuwa amelisahau. Shemeji ndiye aliyemwagiza kabla ya kusafiri, akague na kufagia pande zote mbili kabla baridi kuu haijaingia. Alianza kwa Kitinda, akagonga mlango asifunguliwe, kwa kuwa siku hiyo Kitinda alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Akaja kwa mshonaji. Akatandika turubai sakafuni, akaziba mdomo wa meko kwa shuka kuukuu, akaunganisha fimbo zake moja baada ya nyingine na kuupandisha ufagio wa waya. Masizi yakashuka kama mchanga. Katikati ya kazi pakasikika kishindo, matofali yakiporomoka, lakini hayakushukia upande huu. Akaondoa shuka, akaingiza taa na kioo chake cha mpini mrefu, akachungulia muda mrefu.

Alipojitoa hakuwa na utani wake wa kawaida. Alieleza kwamba ukuta wa katikati umetoboka, tundu la kupitisha mtu mzima, na matofali yake yamedondokea njia ya moshi ya Kitinda na kuiziba. Tundu lenyewe lilikuwa la siku nyingi, na mpaka jana yake huenda njia ilikuwa bado inapitisha kidogo. Baada ya kishindo kile ilikuwa imezibwa kabisa. Makaa, alisema, ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu hewa yake haina rangi wala harufu. Inamlaza mtu hivihivi, akiona raha. Yeyote asiwashe moto upande ule mpaka Alhamisi atakaporudi na matofali na saruji. Akaomba karatasi, akaandika onyo hilo kwa herufi kubwa, akamkabidhi mshonaji ampe mdogo wake.

Mshonaji alikunja karatasi akaitia mfuko wa aproni.

Masizi alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi hatua mbili. "Mwambie na mdogo wako akatibiwe kile kikohozi," alisema. "Na mtu akibisha hodi, si vizuri kumnyamazia."

"Mdogo wangu hayupo. Ameenda kliniki tangu asubuhi."

Masizi alitazama ukuta. Akabeba fimbo zake bila kuzifungua moja moja, akaondoka.

Kitinda alirudi saa nane mchana, amelowa, na kabla hajaingia kwake alipitia kwa dada yake, mtoto mgongoni. Mshonaji alikuwa na karatasi mfukoni. Alimwapia shangazi yangu kwamba nia yake ilikuwa kuitoa. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Lakini Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja, akamshika goti, akasema ana neno la kumwambia ila asimcheke.

"Mama huja, Dada," alinong'ona. "Nikiwasha moto tu, anakuja. Kichwa kinaniuma baadaye, lakini moyo wangu unatulia. Ameniambia nisimwambie mtu. Nimeshindwa kukuficha wewe."

Mshonaji akauliza swali moja tu alilokuwa nalo.

"Ananiulizia?"

Kitinda aliangalia sakafu. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na hilo nalo lilikuwa katika yaliyomfanya apendwe. Akasema, "Hajawahi kukutaja, Dada."

Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Kitinda aliaga, akaenda kwake. Mvua ikazidi. Mshonaji akasikia komeo la mdogo wake likisukumwa, akasikia koleo, akasikia makaa yakimwagwa. Alijiambia atakwenda. Amalize pindo hili kwanza. Amsikie mama mara moja tu, ya mwisho, kisha atakwenda. Akapiga magoti kwenye jivu.

Haikuchukua muda. Kikohozi. Kisha wimbo wa kubembeleza, chini kwa chini. Kitinda alijibu kitu, ulimi mzito kama wa mlevi. Mtoto alilia kidogo, akaacha. Wimbo ukaendelea. Kitinda akauliza jambo asilimalize.

Kisha hakuna kilichosikika.

Kisha kitu kikajigeuza ndani ya dohani. Aliusikia ugeukaji wenyewe, nguo ikisuguana na tofali. Masizi machache yakamdondokea kwenye shingo.

"Kifungua," sauti ilisema.

Kifungua lilikuwa jina lake. Mama alimwita hivyo alipokuwa mtoto wa pekee, kifungua mimba wake, na siku Kitinda alipozaliwa jina lile likafa. Akawa Dada, kwa kila mtu, hata kwa mama mwenyewe. Miaka thelathini na moja hakuna mdomo uliokuwa umelitamka.

"Kifungua wangu. Nimesikia ulivyoniita. Nilikuwa nakungoja uwe tayari."

Alilia. Hakuweza kujizuia.

"Tulia hapo hapo. Ile karatasi iache mfukoni. Wanalala sasa. Wakishalala kabisa, nitakuwa wako peke yako."

Alitaka. Hilo ndilo alilomwambia shangazi akiwa ameitoa pini ya mwisho mdomoni, ili lisikike sawasawa. Alitaka kwa moyo wote. Aliketi pale, mikono kwenye jivu, akihesabu ukimya wa upande wa pili, na kila pumzi aliyoihesabu alijua ni pumzi ya nani anayoihesabu.

Kilichomtoa pale si wema. Alitaka uhakika, kama mtu aliyeibiwa mara nyingi anavyogeuzageuza noti anayopewa. Sauti ile ilikuwa tamu. Ilikuwa laini, nzima, ya mama wa zamani sana. Lakini mama aliyemjua yeye, yule wa miaka ya mwisho, hakuwa na sauti.

Akainua uso kuelekea kwenye giza la dohani. "Kama ni wewe," alinong'ona, "niombe maji."

"Nipe maji, mwanangu," sauti ilijibu papo hapo.

Alingoja. Hakukuwa na mlio wa pete. Mara mbili tu zingetosha. Haikugonga hata mara moja.

Kitu kile kilimjua Kifungua. Kilijua karatasi. Hakikujua kitanda cha mgonjwa.

Alitoka mbio kwenye mvua. Mlango ulikuwa umekomewa. Aligonga, akaita, kimya. Akarudi, akanyakua pasi yake ya chuma, akaipiga dirishani mpaka fremu ikaachia, akajitosa ndani na kujichana mkono. Hewa ilikuwa na joto la kupendeza. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, hayana hata uzi wa moshi. Kitinda alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anatabasamu. Mtoto hakuwa mapajani mwake. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kile kigoda cha pili, amefunikwa vizuri, shuka imechomekwa pembeni kwa ustadi.

Akamchukua mtoto kwanza, akampitisha dirishani, akamlaza kwenye matope chini ya mvua. Akarudi. Akamburuta mdogo wake kwapani. Nyuma yake, ndani ya meko, sauti iliita jina lake mara moja. Haikuwa tamu tena. Hakugeuka.

Baridi ya mvua ndiyo iliyomwamsha mtoto. Alikohoa, akapiga ukelele ambao majirani wa nyumba ya nne waliusikia. Kitinda alizinduka hospitalini siku ya pili. Wote wawili walipona, ingawa kwa wiki kadhaa Kitinda alisahau majina ya vitu vidogo, akaita kijiko ufunguo. Watu walimsifu mshonaji. Wapo waliomletea kuku, wapo waliomletea vitambaa. Shemeji aliacha lori njiani, akaja akamshika mikono yote miwili. Naye alipokea sifa zote hizo akiwa na karatasi ile bado mfukoni, kwa sababu kila alipotaka kuichoma, hakuwa na moyo wa kuwasha moto.

Masizi alichelewa, akaja Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku Kitinda aliporuhusiwa kutoka. Dada wawili na shemeji walikuwa sebuleni kwa mshonaji, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake. Masizi alishusha matofali, akatoa pole nyingi, kisha, bila nia mbaya yoyote, akauliza mbona ile karatasi haikumfikia.

Mvua haikuwepo siku hiyo. Kila kitu kilisikika.

"Uliisoma?" Kitinda aliuliza.

"Niliisoma."

"Kabla sijarudi kutoka kliniki, au baadaye?"

"Kabla."

Kitinda hakupandisha sauti. Alimfunika mtoto kichwa, akasimama polepole kama mtu asiyeiamini miguu yake. "Ulinitoa mle ndani, na nitawaambia watu ulinitoa," alisema. "Lakini mwanangu hutamshika tena." Mumewe alipakia vitu jioni ile ile. Mpaka leo, ukimuuliza Kitinda ana ndugu wangapi, anasema alikuwa na mmoja.

Masizi alibaki, kwa kuwa kazi ni kazi. Alitoa matofali yaliyoziba, akachungulia lile tundu, kisha akamwita mshonaji aje atazame kwenye kioo. Juu pale, ambapo ufagio haukufika siku ile, masizi yalikuwa mazito kama unene wa kidole, kila mahali, meusi ya kunyonya mwanga. Isipokuwa kwenye ukingo wa tundu. Pale palikuwa pamesuguliwa mpaka tofali likang'aa, upana wa makalio ya mtu, na chini yake alama mbili za visigino, zilizosugua ukuta kwa kuning'inia muda mrefu.

Visigino vilikuwa katika njia ya moshi ya mshonaji.

Masizi alishusha kioo. "Aliyekaa hapa," alisema kwa sauti ya chini, "mgongo alimpa mdogo wako. Uso ulikuwa kwako."

Mshonaji alimwambia shangazi kwamba hapo ndipo alipopaswa kukimbia. Lakini kitu cha kwanza kilichomjia kifuani, kabla hofu haijafika, kilikuwa furaha. Wiki zote zile alidhani anasikiliza mapenzi ya mwingine. Kumbe alikuwa akitazamwa yeye.

Akamwagiza Masizi ajenge ukuta upya na kufagia kote, ila ule ukingo wa upande wake auache kama ulivyo.

Shangazi alilipia gauni lake, hakurudi tena kushonesha pale. Lililobaki nililipata kwa Masizi mwenyewe, mwaka uliofuata, alipokuja kukagua dohani ya kwetu. Alikuwa ametoka kwa mshonaji asubuhi hiyo. Alisema ukuta mpya ni mzima, saruji haina ufa, na masizi mapya hayakuwepo kwa sababu mshonaji hajawasha meko mwaka mzima. Anakaa na makoti mawili. Ule ukingo bado unang'aa. Aliponyoosha mkono kuukagua usije ukawa umelegea, aliurudisha haraka.

Nilimuuliza kwa nini.

Masizi aliangalia kiganja chake, akakifuta kwenye suruali, kisha akakifuta tena. Dohani nzima ilikuwa baridi kama kisima, alisema. Lakini pale ukingoni, tofali lilikuwa na joto. Si joto la moto. Ni lile unaloliacha kwenye kiti unapoinuka kumpisha mgeni.